Segerea, Mahali pa Kungoja Hukumu

Katika Kiswahili cha Dar es Salaam, jina la Segerea limekwisha kunyang'anywa ujirani wake. Kitongoji hicho cha Ilala, jirani na Tabata, Kinyerezi na Bonyokwa, kina maduka na shule, kina misikiti na makanisa, na watu wake huamka alfajiri kugombea daladala kama wenzao wa Mbagala na Kimara. Lakini mtu akisema kwamba fulani "yuko Segerea", hakuna anayeuliza anakaa mtaa gani. Inafahamika mara moja kwamba fulani huyo alifikishwa Mahakama ya Kisutu, akakosa dhamana, na karandinga likamchukua kwenda kwenye gereza la mahabusu. Wenyeji wa kitongoji wamezoea kutaniwa kwa jambo hili, na wengine hujihami kwa kutaja mtaa tu, wasitaje kata.

Katika Segerea hiyo hiyo ipo Seminari Kuu ya Mtakatifu Karoli Lwanga, wanakosoma teolojia vijana wa Kikatoliki wanaotarajia upadre. Mji mmoja mdogo, basi, umebeba nyumba mbili kubwa za kungoja. Katika moja hungojewa daraja takatifu, katika nyingine hungojewa hukumu. Na kila jioni, katika Masifu ya Jioni, Kanisa Katoliki popote duniani huimba wimbo ambao Luka ameuweka kinywani mwa Maria alipomzuru Elisabeti: wimbo wa Mungu anayewateremsha wenye nguvu kutoka katika viti vyao na kuwainua wanyonge, anayewashibisha wenye njaa na kuwaacha matajiri waende mikono mitupu. Seminari haikwepi wimbo huo jioni hata moja ya mwaka. Saa hiyo, upande wa pili wa mji, mahabusu wamekwisha kuhesabiwa na kufungiwa.

Jina la Lwanga juu ya lango la seminari lina habari yake, na habari hiyo yastahili kukaliwa kitako, maana hakuna kisa cha Afrika Mashariki kinachokaribia zaidi maneno ya wimbo ule, wala kinachoonyesha vizuri zaidi ugumu wake.

Karoli Lwanga alikuwa mtumishi katika ikulu ya Kabaka Mwanga wa Buganda. Mkubwa wake, Yosefu Mukasa Balikuddembe, alipouawa Novemba 1885, yeye ndiye aliyebaki kuwa kiongozi na mlinzi wa vijana wa ikulu. Mwezi Mei 1886, huko Munyonyo, kabaka aliwakusanya vijana hao na kuwatenga: wanaosali wakae upande huu, wasiosali wabaki upande ule. Usiku kabla ya hapo Lwanga alikuwa amewabatiza waliokuwa bado wakatekumeni, akiwemo Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Msomaji wa Injili ya Mathayo hawezi kukosa kuona kilichotendeka hapo. Ule mgawanyo wa kondoo na mbuzi, ambao mwinjili aliuweka siku ya mwisho mbele ya kiti cha Mwana wa Adamu, ulifanywa uani kwa kijana wa miaka 18 aliyeketi katika kiti cha baba yake, naye akaufanya kinyumenyume. Waliotengwa walitembezwa kwa miguu hadi Namugongo, wakashikiliwa huko siku kadhaa wakati kuni zikikusanywa, na tarehe 3 Juni 1886 wakachomwa moto. Lwanga alichomwa peke yake, polepole, kuanzia miguuni. Kwa siku zile chache za Namugongo yeye naye alikuwa mahabusu, ila hukumu yake ilikwisha kutolewa.

Mwanga hakudumu. Mwaka 1888 alipinduliwa, akakimbilia kusini mwa ziwa, na baada ya kuhangaika akapokelewa na mapadre Wakatoliki wa Bukumbi, karibu na Mwanza ya leo. Ni kusema kwamba aliyewachoma wanafunzi wao alikula chakula mezani pao. Alirudi kitini, akagombana na Waingereza, akaasi mwaka 1897, akashindwa, akavuka kuingia himaya ya Wajerumani, nao wakamshikilia Mwanza. Akatoroka, akaungana na Kabalega wa Bunyoro, na mwaka 1899 wote wawili wakakamatwa na kupelekwa uhamishoni. Mwisho wa safari ukawa Shelisheli. Huko Mwanga akabatizwa kwa jina la Danieri, na huko akafa mwaka 1903, mtu wa makamo ya miaka 35 tu. Mifupa yake ilirudishwa Kasubi mwaka 1910. Lwanga na wenzake 21 walitangazwa watakatifu huko Roma Oktoba 1964.

Mhubiri mwenye haraka angekomea hapo na kukunja kitabu. Mfalme ameshushwa, mtumishi amekwezwa, andiko limetimia. Lakini kisa hiki hakikubali kukunjwa kirahisi hivyo. Kilichomshusha Mwanga ni bunduki za Waingereza, nazo hazikuletwa Buganda ili kumlipia Kizito kisasi. Zilitaka nchi, na zilipoipata, zilimshusha pia Kabalega ambaye hakuhusika na moto wa Namugongo. Tena kabla ya Wakristo hao, katika miaka ya 1870, vijana Waislamu wa ikulu ya Mutesa, baba yake Mwanga, waliuawa kwa ajili ya imani yao. Hawakupata Roma ya kuwatangaza, na majina yao wengi wetu hatuyajui. Ikiwa kukwezwa ni kutajwa na vizazi, basi kukwezwa huko kunagawiwa na wenye kalamu. Maandiko yanasema kitu kigumu zaidi ya hicho, ndiyo maana wimbo wa Maria uliimbwa na msichana ambaye siku ile hakuna kiti chochote kilichokuwa kimeanguka. Herode alikuwa bado kitini. Kaisari alikuwa karibu kuamuru watu waandikwe.

Maneno yenyewe yafaa kuangaliwa. Kazi ya kuyaingiza Maandiko katika Kiswahili ilipata nguvu Unguja, chini ya Askofu Edward Steere, aliyefariki mwaka 1882 na kuzikwa katika kanisa kuu la Mkunazini, pale palipokuwa soko la watumwa. Tafsiri ya Muungano, iliyotoka 1952, ndiyo iliyowazoesha Wakristo wengi jozi ya vitenzi ambayo Yesu anairudia mara kwa mara katika Luka: kukweza na kudhili. Kweza ni neno la pwani hasa. Hutokana na kukwea, na mabaharia hulitumia kwa kazi ya kukipandisha chombo mchangani. Yeyote aliyewahi kuona jahazi likikwezwa ajua kwamba chombo hakijikwezi. Hutiwa magogo chini, watu husukuma, wengine huvuta kwa kamba na kwa wimbo, nacho hupanda kwa jasho la watu wasiokuwa ndani yake. Kujikweza, kwa mtu wa pwani anayesikiliza neno lake mwenyewe, ni kioja kabla hakujawa dhambi.

Dhili nalo limetoka Arabuni, na mwislamu wa Unguja analitambua bila kufundishwa, kwa kuwa shina lake limo katika majina tisini na tisa: al-Mu'izz, mwenye kutukuza, na al-Mudhill, mwenye kudhilisha. Majina hayo mawili hutajwa pamoja, hayatenganishwi. Hapa Biblia na Qurani zinakaribiana kuliko wahubiri wa pande zote mbili wanavyopenda kukiri: cheo na unyonge ni mali ya mmoja, na binadamu huazimwa tu.

Katika Tanganyika ya zama za TANU fikra hiyo ilipata usemi wake wa kisiasa: cheo ni dhamana. Ilikuwa ahadi ya mwanachama, ikasomwa mashuleni, ikaandikwa kutani. Leo neno dhamana lina maisha mengine. Kule Kisutu ndilo linalomgawa mtu anayelala kwake na mtu anayelala Segerea. Hakimu huuliza wadhamini wako wapi, barua za serikali ya mtaa ziko wapi. Na kwa makosa yaliyoorodheshwa katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kama mauaji, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha, hakuulizwi lolote, kwani dhamana haipo. Mwezi Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba zuio hilo linakwenda kinyume na Katiba. Mwezi Agosti mwaka uo huo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Ibara ya 13 ya Katiba bado inasema kwamba mshtakiwa asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike. Mahabusu wengi wa Segerea wanaijua ibara hiyo, wengine kwa namba yake.

Na wapo waliofika huko kutoka juu kabisa. Novemba 2018 Freeman Mbowe, wakati huo Kiongozi wa Kambi Rasmi ya Upinzani Bungeni, alifutiwa dhamana pamoja na mbunge mwenzake Esther Matiko; walikaa Segerea mpaka Mahakama Kuu ilipowarudishia dhamana Machi 2019. Mwandishi wa habari Erick Kabendera, aliyekamatwa Julai 2019, aliishi humo hadi Februari 2020. Mama yake alifariki mwisho wa Desemba, na ombi la kuhudhuria ibada ya mazishi halikukubaliwa. Upande mwingine wa kipimo, mawaziri wa zamani Basil Mramba na Daniel Yona walihukumiwa Kisutu mwaka 2015 kwa matumizi mabaya ya madaraka, na Februari 2016 wakaonekana katika hospitali ya Palestina, Sinza, wakitumikia kifungo cha nje kwa kufanya usafi. Picha zilisambaa. Jiji lilicheka. Mtu aliyewahi kusoma bajeti ya nchi ameshika ufagio.

Kicheko hicho kina methali yake: aliye juu mngoje chini. Ni methali nzuri na ya kweli, lakini haitoki katika Injili. Methali inamweka msikilizaji chini ya mnazi akiwa ametega macho, anasubiri kuanguka kwa mwingine ili moyo wake upoe. Katika methali hiyo hakuna anayebadilika, walipokezana tu. Ndiyo sababu mtu anaweza kuisema kwa Mbowe na kwa Mramba kwa sauti ile ile, bila kujali nani ametenda nini, kwa kuwa kilichohesabiwa ni urefu wa kuanguka. Hukumu ya Maandiko huuliza kilichotendwa. Nebukadneza wa kitabu cha Danieli hakulishwa majani kwa kuwa alikuwa mrefu. Alitembea juu ya nyumba yake ya kifalme akajisifu kwamba Babeli imejengwa kwa uwezo wake, na kabla ya hapo alikuwa ameonywa awahurumie maskini. Tena alirudishiwa ufalme wake. Methali haina mahali pa kumweka mfalme aliyerudishwa.

Yuko katekista mmoja mzee, mkazi wa Tabata, ambaye kwa miaka mingi aliingia gerezani humo na vikundi vya parokia. Vikundi hivyo, vya makanisa na vya misikiti, hupeleka sabuni, dawa za meno, mafuta ya kupaka, na siku za sikukuu mchele. Mzee huyo alikuwa na mfano aliouzoea, ule wa Farisayo na mtoza ushuru waliopanda hekaluni kusali, mmoja akijihesabia mema yake na mwingine asithubutu kuinua macho. Aliueleza vizuri, na mwisho akawahimiza wasikilizaji wajishushe ili wainuliwe. Kijana mmoja aliyekuwa ameketi sakafuni, maana wote walikuwa sakafuni, alinyoosha mkono.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Nijishushe niende wapi tena, Mwalimu? Hapa ndipo mwisho."

Wenzake walicheka, na askari magereza naye akacheka. Mzee hakucheka. Husimulia kwamba tangu siku ile hakuupeleka tena mfano ule Segerea. Aliwahifadhia watu wa misa ya kwanza, wale wanaoegesha magari kivulini.

Alichokiona mzee huyo ni tofauti ambayo mahubiri mengi huiruka. Kujidhili na kudhiliwa si kitu kimoja. La kwanza ni tendo la mwenye nafasi: ana kiti, naye anakiacha. La pili hutendewa mtu. Yesu aliposema juu ya viti vya mbele vya arusi, alikuwa amealikwa nyumbani kwa mkuu wa Mafarisayo, na alisema nao waliokuwa wakivichagua viti. Neno hilo hilo likichukuliwa na kupelekwa kwa mtu ambaye amelala kwa zamu kwa kuwa sakafu haitoshi, linakuwa jiwe. Waliobobea katika kuwahubiria wanyonge unyenyekevu wamekuwapo katika kila zama. Mabwana wa mashamba waliufurahia sana.

Tena ipo hila nyingine, na ndiyo inayopendwa zaidi siku hizi. Mtu husikia kwamba ajishushaye atakwezwa, akakifanya kiti cha nyuma kuwa mtaji. Hukaa nyuma huku akimwangalia mwenye arusi kwa jicho la pembeni: ataniona lini aniite mbele? Unyenyekevu wa namna hiyo una risiti. Luka aliiona hatari hiyo, kwa kuwa mara tu baada ya habari ya viti anamleta Yesu akimwambia mwenye nyumba awaalike maskini, viwete na vipofu, watu wasio na karamu ya kumrudishia. Na Paulo, alipowaandikia Wafilipi juu ya Kristo aliyejishusha hadi mauti ya msalaba na Mungu akamwadhimisha mno, hakumweka Kristo akipiga hesabu ya faida. Barua hiyo, ikumbukwe, iliandikwa kutoka kifungoni.

Hukumu ya Mathayo 25 ndiyo inayofunga mlango wa hila hizo. Mambo yanayoulizwa ni machache na ya kawaida: chakula, maji, mavazi, ugeni, ugonjwa, gereza. Mwamuzi anasema kwamba alikuwa gerezani, na wapo waliomwendea na wasiomwendea. Hasemi kama alikuwa na hatia. Hataji kesi yake imefikia wapi. Na waliomwendea wanashangaa, hawakumbuki kumwona. Mwenye kwenda gerezani ili aandikiwe thawabu angekumbuka tarehe. Kwa wakazi wa Segerea andiko hili lina ukaribu wa kutisha kidogo. Mwamuzi wa wote anatafutwa mbinguni na huku, kwa maneno yake mwenyewe, anuani aliyoiacha ni ya gereza.

Mahabusu wenyewe wana hamu na hukumu kuliko watu wa nje wanavyofikiri. Mtu wa nje huiogopa. Aliyerudishwa Kisutu mara ishirini, akasikia kila mara maneno yale yale matatu ya mwendesha mashtaka kwamba upelelezi bado haujakamilika, kesi ikaahirishwa siku kumi na nne nyingine, huyo anaitamani hata ikiwa mbaya. Zaburi nazo ziko hivyo. Mwenye Zaburi humwomba Mungu amchunguze, amjaribu, amhukumu, jambo ambalo mtu aliyeshiba hulisoma kwa mashaka. Katika Zaburi Mungu ajua kuketi kwa mtu na kuinuka kwake, na hakuna siku atakayosimama kuomba muda wa kukamilisha upelelezi. Mzee wa Tabata aliwasomea hiyo ya 139, na haikuhitaji maelezo.

Kisa walichokiomba mara nyingi zaidi kilikuwa cha Yusufu. Waislamu waliokuwa jirani husogea kusikiliza, kwani wana sura nzima yenye jina lake, na mara kwa mara hurekebishana na Wakristo juu ya habari ya kanzu iliyochanika. Yusufu alisingiziwa, akatupwa gerezani, akatoka humo kwenda kushika nchi ya Misri. Ndicho kisa kamili cha kukwezwa. Wahubiri huishia kwenye pete ya Farao, na ni kosa, kwa sababu Mwanzo inaendelea. Katika sura ya 47 njaa imezidi, na Yusufu yule yule aliyeuzwa utumwani anawanunua watu wa Misri pamoja na mashamba yao wawe watumwa wa Farao. Kitabu hakitoi neno la lawama wala la sifa. Kinaandika tu, kisha baada ya vizazi kadhaa kinaanza Kutoka, na wajukuu wa ndugu zake wako katika matofali.

Lakini mahabusu hawakuvutwa na ikulu. Walirudi kwa mnyweshaji wa Farao. Huyu alikuwa selo moja na Yusufu, ndoto yake ikafasiriwa, akaombwa jambo dogo, kwamba akitoka alitaje jina lake. Akatoka, akasahau, ikapita miaka miwili. Segerea kila anayetoka hukaririshwa namba za simu: ya mke aliyeko Gongo la Mboto, ya mjomba wa Temeke, ya wakili ambaye hajaonekana tangu Pasaka. Huzirudia kwa sauti mpaka getini. Wapo wanaopiga siku ile ile, wakiwa bado kituoni wanangoja daladala ya Tabata, kwa simu ya kuazima.